Pampu ya hewa kwa bustani ya maji nyumbani: kubwa, ndogo, au tuiache?

Anayeanza kulima mboga bila udongo nyumbani, iwe kwenye ndoo za lita 20 barazani au kwenye mabeseni uani, huuliza mapema sana: ninunue pampu ya hewa, ile inayopuliza mapovu kwenye maji ya mizizi, ya lita ngapi kwa dakika? Wanaomjibu wamegawanyika. Wapo wanaosema chukua kubwa, hewa haizidi. Wapo wanaosema pampu ni gharama ya bure, mboga huota vizuri tu bila hiyo. Kila upande una ukweli wake. Lakini kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, pande zote mbili hupita haraka mno kwenye mambo mawili yanayoua mimea yetu: joto la maji na umeme unaokatika.

Hoja ya wenye pampu ni nzito. Mizizi inapumua usiku na mchana, kwa hiyo hata kuzima pampu usiku kwa sababu ya kelele ni kosa. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30, yanabeba miligramu 7.5 hivi. Wakati huohuo joto linaifanya mizizi ihitaji oksijeni zaidi. Hapo ndipo vimelea vya Pythium vinapopata nafasi: mizizi iliyokuwa myeupe inageuka rangi ya chai, inateleza mkononi, inatoa harufu ya uozo, na majani yananyauka ilhali mmea umesimama ndani ya maji.

Kwa hiyo mapovu yanasaidia, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye ukubwa. Kanuni iliyozoeleka kwa wakulima ni lita 1 ya hewa kwa dakika kwa kila lita 4 za maji, maana yake lita 5 kwa ndoo ya lita 20. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, hata hivyo, kwa kawaida ni ya pampu ikipuliza hewani, bila mpira mrefu, bila jiwe la hewa (kile kijiwe chenye vitundu kinachotoa mapovu), bila maji juu yake. Namba yenye maana zaidi ni ya shinikizo. Pampu nyingi ndogo huandikwa 0.012 MPa, na hiyo inatosha kusukuma hewa hadi kina cha zaidi kidogo ya mita 1. Ndoo yenye kina cha sentimita 30 haiishindi, ila mtiririko unapungua, na jiwe likiziba kwa chumvi za maji ya kisima unapungua zaidi.

Njia ya kujua ni rahisi. Funga mpira na jiwe kama vitakavyokaa siku zote, zamisha jiwe kwenye ndoo, kisha jaza maji kopo la lita 1 lenye mdomo mpana na uligeuze juu ya jiwe, mdomo ukiwa chini ya maji. Hesabu sekunde mpaka hewa ilijaze. Sekunde 30 ni lita 2 kwa dakika, hata kama boksi linasema 4. Kwa ndoo moja ya mchicha au letusi, hizo lita 2 zinatosha kabisa, hata kama kanuni ile inadai 5.

Kuhusu pampu kubwa sikubaliani na wanaoisifia. Mapovu hayawezi kuyajaza maji oksijeni kupita kiwango ambacho joto lake linaruhusu. Maji ya nyuzi 30 yakishafika 7.5, pampu yenye nguvu maradufu inaongeza kelele na kuitikisa mizizi michanga tu, huku ikivuta hewa ya joto ya Februari na kuipitisha kwenye maji yaleyale. Pesa ya ziada ni afadhali iende kwenye kivuli, rangi nyeupe nje ya ndoo, au chombo kikubwa zaidi kisichopata joto upesi.

Sasa wale wasiotaka pampu. Wanafuata njia iliyoenezwa na B. A. Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: maji yametulia, hayaongezwi, yanashuka kadiri mmea unavyokunywa, na mizizi ya juu inabaki kwenye hewa yenye unyevu. Nguvu ya njia hii inaonekana ukipiga hesabu. Ndoo nzima ya lita 20 kwa nyuzi 30 ina oksijeni miligramu 150 tu. Lita moja ya hewa ina zaidi ya 250. Pengo la sentimita 6 kati ya maji na mfuniko unaoushikilia mmea lina zaidi ya lita 3 za hewa, na hewa hiyo haitegemei TANESCO.

Mwishoni mwa 2023 Tanzania ilikuwa kwenye mgao wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha umeme Februari 2024 nafuu ilionekana, lakini mtaa kukaa saa kadhaa gizani kwa ajili ya matengenezo au transfoma bado ni jambo tunalolijua. Aliyejaza ndoo yake hadi juu na kuitegemea pampu peke yake anaweza kupoteza nyanya zilizokwisha kuzaa kwa jioni moja. Hilo linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu lilikuwa linazuilika.

Njia ya Kratky nayo ina mipaka. Kwa letusi ya wiki tano au sita ni nzuri sana. Nyanya inakunywa mno, lazima uongeze maji, na ukiizamisha mizizi iliyozoea hewa mmea unadhoofika. Tena kuna mbu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeeneza ugonjwa huo anapenda vyombo vya maji tulivu nyumbani. Asiyetumia pampu azibe kila tundu kwa sponji au kipande cha chandarua.

Msimamo wangu basi: mboga za majani za muda mfupi, acha pampu. Nyanya, pilipili hoho na matango, weka pampu, lakini acha pengo la hewa la sentimita 5 au 6 hata mapovu yakiwa yanachemka. Nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, moja ikiwa ya USB inayoweza kuendeshwa na pawabenki umeme ukikatika. Umeme wenyewe usikutishe: pampu ya wati 4 ikiwaka mwezi mzima haifikishi uniti 3. Iweke juu kuliko maji, au funga valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukizima maji yanaweza kupanda kwenye mpira na kuingia ndani ya mashine. Na kabla ya kulipa, uliza kama duka lina utando wa mpira wa akiba wa pampu hiyo, ule wa ndani unaosukuma hewa, maana ndio unaochoka kwanza. Usipopatikana, chagua pampu nyingine.