Sekunde 20 za video, dakika 82 za mwezi

Usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulipopatwa, nilikuwa uani na watoto wa jirani, shingo zote juu. Ilipofika saa 2:30 ulikuwa umefunikwa mzima, rangi yake kama chungu kipya. Muda si mrefu mmoja akaniuliza, "Mjomba, mbona umeganda?" Yeye alikuwa ameshaona kupatwa kwa mwezi kwenye simu: unaingia kivulini na kutoka kwa sekunde 20. Huu wa kweli ulibaki mwekundu dakika 82.

Wanaotetea video fupi za elimu ya anga wana hoja nzito, na mimi niko karibu nao. Ni video iliyomtoa mtoto yule nje. Shuleni kwake hakuna darubini, ila simu ya mama yake ipo. Mimi nilifundishwa kupatwa kwa mwezi kwa chaki na sikuelewa, mpaka nilipoona picha inayotembea: Dunia inakaa kati ya Jua na Mwezi, hewa yetu inaupinda mwanga mwekundu hadi unamfikia Mwezi kivulini. Na video ikisema Kiswahili, ikataja sayari ya Zuhura na kundi la nyota la Kilimia, hata bibi aliyepanga kilimo chake kwa Kilimia ana la kuongeza.

Lakini ufupi unakata, na mara nyingi unakata pabaya. Kati yetu na Mwezi zinaweza kupangwa Dunia karibu 30. Kwenye kioo cha simu viwili hivyo vinakaa kama machungwa kwenye sahani moja. Baya zaidi lilitokea Julai 2025, uvumi uliposambaa mitandaoni kwamba Agosti 2 dunia nzima ingeingia gizani dakika 6. Kupatwa kwa jua kunakohusika ni kwa Agosti 2, 2027, na giza litapita kwenye ukanda mwembamba tu, kuanzia kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, hadi Somalia. Dakika hizo 6 ni za Luxor, Misri, na maeneo ya jirani. Mwaka ulipotea njiani, ukanda ukageuka dunia nzima.

Uvumi wa namna hiyo haukimbizwi na kitabu kilichoko kabatini. Video nzuri zinahitajika zaidi, na kwangu iliyo nzuri ni ile inayompeleka mtu nje: imtajie tarehe, saa, upande wa kutazama, na muda atakaosubiri. Kwa jua, onyo la macho likae sekunde ya kwanza, kabla kidole hakijasogeza. Kenya na Tanzania mwaka 2027 jua litamegwa tu, kwa hiyo hakutakuwa na dakika hata moja ya kulitazama kwa macho makavu.

Mtoto yule nilimjibu kwamba mwezi utaanza kutoka saa 3:52. Wenzake wawili walishalala mkekani. Yeye kila mara aliomba simu yangu, aangalie saa.