Aliyenasa Kwanza ni Bibi Harusi

Sisi tunaovua kwa mshipi huku Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, tunajua kuwa samaki aitwaye mgebuka hana akili nyingi, ila ana macho. Usiku wa giza dagaa wakijaa chini ya taa za mitumbwi, naye yupo chini yao anawawinda. Mshushie kipande cha risasi chenye ndoano, manyoya ya jogoo na rangi ya fedha, uwe unakivuta na kukiachia, ataamini ni dagaa mgonjwa.

Chambo hicho natengeneza mwenyewe. Risasi naipata gereji, vile vipande vya kusawazishia magurudumu. Inayeyuka kwenye nyuzi 327, jiko la mkaa ukilipepea linatosha, lakini kalibu iwe kavu kabisa: likibaki tone la maji, risasi inakurukia usoni. Nafanyia uani, watoto mbali. Ikipoa nafunga manyoya ya shingo ya jogoo kwa uzi wa cherehani, nazungusha mpaka yakaze, fundo, gundi kidogo. Kisha rangi. Hakuna inayoishinda rangi ya kucha: inang'aa, haibanduki upesi majini, na ya mke wangu hainigharimu kitu. Jicho nachora kwa njiti ya kiberiti, jeusi, kubwa.

Jumamosi hiyo vinne vilikuwa vimeanikwa kwenye kamba ya nguo, mvua ikaja. Rangi mbichi hailazwi mezani. Nikaona wigi la Mama Zawadi linaning'inia msumarini, juu, watoto hawafiki. Nikavipachika kwa nyuma, kimoja kimoja. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya hivyo hivyo.

Umeme ukakatika. Mama Zawadi akavaa gizani, kachelewa, bodaboda anapiga honi, huyoo harusini Mwanga.

Nasikia mwanzoni alisifiwa sana. Shangazi mmoja wa Ujiji aliuliza hizo pini zimetoka Dubai au Bujumbura. Balaa likaja kwenye kupongeza. Alimkumbatia bibi harusi, wakatikisana kushoto, kulia, alipotaka kumwachia, shela likagoma. Kila wakivutana ndoano inazidi kuzama. Ina kijino, na kazi ya kijino ni hiyo. Mshereheshaji akadhani ni furaha, akaagiza muziki uongezwe.

Simu yangu ikaita.

"Baba Zawadi, kichwani kwangu kuna nini?"

"Vimebaki vingapi?"

"Njoo na koleo!"

Nikaingia ukumbini na koleo mkononi mbele ya wazee wa pande zote mbili. Niliuliza kwa nini wigi lisivuliwe tu. Jicho nililotupiwa! Avue wigi mbele ya ukumbi mzima na kamera ya video? Basi nikaanza kazi. Ndoano hairudishwi kinyumenyume. Unaisukuma mbele ncha itokeze, unakata kijino, inatoka yenyewe. Nilikuwa naeleza huku nafanya, maana watu walishasogea. Mzee mmoja mvuvi aliinama hadi karibu na shingo ya mke wangu.

"Kijana, uzi huu namba ngapi? Umehimili wanawake wawili."

Shela lilikuwa la kukodi. Nilimpelekea mwenye duka migebuka wabichi, akasema yeye anapokea fedha taslimu.

Yule shangazi wa Ujiji ameagiza viwili, vya kijani, bila ndoano. Kazi ipo kwenye rangi: chupa zote siku hizi zinalala kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo Mama Zawadi anakwenda nao sokoni.