Huku Inaingia, Kule Inatoka

Kazi ilikuwa amu mbili za chini za nyuma (fimbo za chuma zinazoshika ekseli kwenye chasi) za shangingi, Land Cruiser 80. Mzee mwenye gari alilipandisha milimita 50 kwa springi ndefu, difu ya ekseli ya nyuma ikageuza pua, propela, shafti inayoizungusha, ikaanza kuvuma. Dawa ni amu ya kurekebisha: bomba, kila mwisho kipande chenye uzi wa ndani, humo kinaingia kichwa chenye bushi. Upande mmoja uzi wa kulia, ule wa kawaida, wa pili wa kushoto, unaokaza kinyume. Ukilegeza nati za kufungia na kuzungusha bomba, vichwa vyote viwili vinatoka au vinaingia pamoja, gari halifunguliwi hata boliti.

Bomba nje milimita 42, unene 6, kwa hiyo ndani 30. Vipande vinne vya chuma laini (chuma cha aina ya EN8 kina nguvu zaidi, ila kinataka kupashwa moto kabla ya kuchomelewa): shingo ya 30 inazama bombani, bega la 42 limechongwa mshazari ili welding iingie. Tundu 18.5 kwa uzi wa M20 kwa 1.5 (kipenyo milimita 20, hatua 1.5 kwa mzunguko). Viwili vya kulia nikapiga tapu, kifaa cha kukata uzi tunduni. Tapu ya kushoto sikuwa nayo, nikakata kwa kisu kwenye lethi: unageuza wenzo wa mwendo wa kisu, unakianzisha ndani kabisa kwenye mfereji uliochongwa mwisho wa tundu, kinakata kikitoka. Watu wanauogopa uzi wa kushoto. Kwa tundu lisilotokea mimi naupenda kuliko wa kulia, maana kisu kinakimbilia hewani, hakigongi mwisho wa shimo.

Cha kushoto huchorwa mfereji mwembamba begani, kiwe na alama. Nikasema nitauchora baada ya chai.

Baada ya chai vipande vinne vilikuwa mezani vimepakwa grisi, vinafanana kama mayai. Nikachomelea. Welding hubana uzi, kwa hiyo dogo akausafisha kwa kupitisha vichwa vyenyewe: viwili vya kulia, viwili vya kushoto. Hakuna kilichogoma. Kichwa kilichokataa upande huu alikipeleka bomba la pili, kikaingia kama kimeitwa. Nikamsifia.

Tukafunga chini ya gari. Nilitaka kurefusha milimita 6. Kila mwisho hutoa 1.5 kwa mzunguko, jumla 3, basi mizunguko miwili. Nikazungusha miwili.

"Ngapi, Mzee?"

"Ile ile, fundi."

Nikaongeza miwili.

"Ile ile."

"Mzee, futi umeishika kwenye bushi au kwenye nati?"

"Nimeishika ulipoonyesha."

Nikamwambia futi yake imelegea kichwani, za sokoni ndivyo zilivyo. Nikazungusha mingine sita. Kumi kwa 1.5, milimita 15. Dogo akainama, akatazama mwisho wa mbele, akatazama wa nyuma.

"Fundi, mbona huku inaingia, kule inatoka?"

Bomba lilikuwa linatembea tu kati ya vichwa viwili, kama nati kwenye boliti ndefu. Amu moja ilikuwa kulia pande zote mbili. Ya pili kushoto pande zote mbili. Hesabu ya vipande ilikuwa sahihi kabisa, ndoa ndizo zilizokosewa. Na ule uzi uliokuwa ukitoka ulikuwa umebakiza milimita 25 ndani. Kwa M20 mimi sikubali chini ya 30.

Dogo akashauri tukate mabomba katikati tubadilishane nusu. Akili nzuri, mahali pabaya: amu ya chini ndiyo inayokutana na mawe, na welding katikati ndiyo itakayopinda kwanza. Nikakata ncha moja ya kila amu, nikachonga vipande viwili vipya vyenye bega refu kufidia kilichokatwa. Mfereji wa alama niliuchora kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Mzee alirudi kesho yake asubuhi. Kabla ya salamu akachomoa mfukoni futi mpya, bado ina bei.