Naona Kiu

Sisi tuliokulia Newala, kiu hatukufundishwa na mtu. Mji uko juu, kwenye uwanda wa Makonde, na maji yako chini. Ukisimama ukingoni pa lile bonde tunaloliita Shimo la Mungu, unaiona nchi inavyoporomoka kuelekea upande wa Ruvuma. Mama yangu aliteremka mabondeni alfajiri na ndoo tupu, akapanda nayo imejaa, miaka na miaka. Wakati wa mvua tulikinga maji ya bati kwenye mapipa. Kiangazi kikikaza, tulipimiana kwa kikombe, na mtoto aliyemwaga alijua atakachokipata.

Mama alikufa kwa ugonjwa uliomziba koo. Siku zake za mwisho hakuweza kumeza, na neno alilobaki nalo lilikuwa moja tu: maji. Nilichovya pamba, nikamlowesha midomo, akaifyonza. Muhubiri mmoja aliyekuja kumwombea akaniambia pembeni kwamba mama angekuwa na imani ya kutosha, angekwisha kuinuka. Msibani tena nikaambiwa nisilie, eti Mkristo hamlilii marehemu kama watu wasio na tumaini.

Ijumaa Kuu iliyofuata tukasomewa mateso ya Yesu katika Injili ya Yohana. Msomaji alipofika kwenye neno lake msalabani, "Naona kiu", mwili wangu ulisisimka. Kisha mahubiri yakasema kiu ile haikuwa ya maji, bali ya roho zetu.

Tafsiri hiyo ni ya zamani, na sitaki kuidharau, maana ina upendo ndani yake. Lakini nakataa isimame peke yake. Mtu aliyepigwa mijeledi, akatoka damu, akatundikwa juani, koo lake hukauka. Zaburi ya 22 inasema nguvu zimekauka kama gae, ulimi umegandamana na taya. Gae tunalijua: kipande cha mtungi uliovunjika, kitu kilichokuwa kinabeba maji. Na askari hawakumpelekea maelezo ya kiroho. Walichovya sifongo katika siki, ile divai kali ya watu wa chini, wakamfikishia kinywani. Marko anasimulia kwamba kabla ya kusulubiwa alipewa divai iliyotiwa manemane, akakataa. Yohana anasema hii siki aliipokea. Mimi husoma hivi: kinywaji cha kumpunguzia maumivu alikikataa, cha kulowesha ulimi akakipokea.

Ni Injili ileile inayosema Neno alifanyika mwili. Inamwonyesha amechoka kwa safari, ameketi kisimani Samaria saa sita mchana, anamwomba mwanamke maji. Inamwonyesha akimlilia Lazaro, ilhali alijua anakwenda kumfufua. Hapo ndipo ninapowauliza wanaotukataza machozi: je, naye imani ilimpungukia?

Tangu mwanzo wa Kanisa walikuwako waliosema Yesu alionekana tu kuwa na mwili, kwamba Mungu hawezi kuumia kweli. Ignatio, askofu wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa, aliwajibu kwa uchungu: kama mateso yake yalikuwa ya kuonekana tu, mbona mimi nimefungwa minyororo? Mwaka 451, maaskofu waliokutana Kalkedoni wakakiri kwamba yeye ni Mungu kweli na mtu kweli. Midomo yetu inalikiri hilo. Lakini tunapokimbilia Jumapili ya Pasaka bila kukaa na Ijumaa, tunapomwambia mgonjwa kwamba maumivu yake ni upungufu wa imani, tunarudi kwa wale waliomnyang'anya Bwana mwili wake.

Naamini ufufuko. Naamini kwa moyo wote kwamba nitamwona mama. Ila mwaka ule haukuwa ufufuko ulionishika mkono, ulikuwa ule ulimi mkavu msalabani. Nilijua kwamba mama alipoomba maji asiweze kuyameza, hakuwa mahali ambapo Mungu hajawahi kufika. Mwana wa Mungu alipapita, kwa koo la nyama kama lake.

Siku ya mazishi, wanawake wa mtaa walikuja na ndoo vichwani kabla hatujawaomba. Wengi wao ni Waislamu, na kuhusu msalaba wanaamini tofauti na sisi. Hawakutuhubiria. Waliweka ndoo zao uani, wakatandika mikeka, wakakaa na sisi wakilia. Maji yale yalipikia watu wote waliokuja kuzika.

Wachungaji na makatekista wetu, ombi langu ni dogo. Ijumaa Kuu ijayo, mkifika kwenye neno lile, nyamazeni kidogo kabla ya kulifafanua. Katika mabenchi kuna mtu aliyetoka wodini asubuhi hiyo, na bado ana kipande cha pamba mfukoni.