Bruda Luc na adui wa James Bond

Vijana wa parokia wakiandaa igizo la Ijumaa Kuu, hapakosi mvutano wa nani awe Yuda. Wanaotaka kuwa Yesu ni wengi. Yuda anasukumiwa yule asiyejua kukataa, na atataniwa mpaka Pentekoste. Fikra hiyo hiyo tunawabebesha Wakatoliki wanaokula mkate wao kwenye filamu: tunapima imani yao kwa nafasi wanazocheza. Mimi sikubaliani nayo, na shahidi wangu ni mwigizaji Mfaransa, Michael Lonsdale.

Lonsdale alizaliwa Paris mwaka 1931, akabatizwa kwa kutaka mwenyewe akiwa na miaka 22. Alikuwa mtu wa sala, baadaye akaingia karismatiki, wala hakuwaficha wenzake wa kazini. Basi mtu huyo huyo, mwaka 1979, ndiye Hugo Drax, adui wa James Bond katika filamu ya Moonraker, tajiri anayetaka kuwaua wanadamu wote kwa sumu kutoka angani ili aanzishe uzao mpya wa watu aliowachagua yeye. Drax wake hapayuki. Anaongea taratibu, kwa adabu zote, huku anaagiza mtu auawe. Ukimtazama damu inakusisimka, na hiyo ndiyo kazi iliyofanywa vizuri: ubaya umeonekana kuwa ubaya. Ningemlaumu kama angetufanya tumtamani Drax.

Miaka 31 baadaye akacheza Bruda Luc katika filamu ya Xavier Beauvois, Des hommes et des dieux, kisa cha wamonaki 7 wa shirika la Watrapisti wa Tibhirine, Algeria, waliotekwa nyara na kuuawa mwaka 1996. Luc alikuwa daktari, mzee wa zaidi ya miaka 80, akiwatibu wanakijiji Waislamu bila kubagua. Kabla ya kupiga picha, waigizaji walikwenda kukaa na wamonaki wa monasteri ya Tamié, Ufaransa, na kujifunza kuimba zaburi, na inaonekana: hawaimbi kama kwaya ya tamasha, wanaimba kama watu wanaoamka kila alfajiri kufanya hivyo.

Kuna onyesho moja katika filamu hiyo sijaona mfano wake. Kifo kiko mlangoni, nao wamekubaliana kubaki. Luc anaingia na chupa mbili za mvinyo, anaweka kanda kwenye redio, muziki wa Tchaikovsky unaanza. Hakuna anayesema neno. Kamera inapita uso kwa uso. Wanatabasamu, kisha machozi. Hapana mahubiri, hapana malaika, na hakuna pepo anayekemewa dakika ya mwisho kama tulivyozoeshwa kwenye filamu zetu. Huko Ufaransa, nchi isiyo na habari na makanisa yake, ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 3, na Lonsdale akapata César, tuzo kubwa ya filamu ya Ufaransa.

Je, Mkatoliki acheze chochote? La. Kuna kazi zinazomdhalilisha mwenzako mbele ya kamera, na hizo hazina cha kujadili hata kama kodi ya nyumba inadaiwa. Lakini mpaka huo hauko kati ya mtakatifu na jambazi. Mwigizaji wa Yuda anayefika kwa wakati na kujua maneno yake namheshimu kuliko Yesu anayewanyanyasa watu wa taa. Na prodyuza anayefungua kazi kwa Baba Yetu halafu hawalipi waigizaji wadogo, huyo filamu yake aiite jina lingine.

Sisi visa vya kusimulia tunavyo. Aprili 1997, kwenye seminari ndogo ya Buta, Burundi, waseminari 40 waliuawa baada ya kukataa kujitenga, Wahutu huku na Watutsi huko. Filamu ya Buta ningetaka ianze mbali kabisa na bunduki: bwenini, darasani, uwanjani, vijana wakigombania mpira na kunung'unikia maharage. Watazamaji wawajue kwanza kwa majina, na wasiambiwe nani ni kabila gani.