Wanificha Muhogo?

Jamani, kuwa wewe mwenyewe kunatozwa kodi? Jana tumekaa Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, upepo wa bahari watupuliza, nimenunua mihogo ya kuchoma, imepasuliwa katikati, ikapakwa pilipili na ndimu. Mpenzi wangu akaisukuma kwa kidole: eti kwao hawali mihogo. Haya! Leo asubuhi namkuta sokoni Kongowea, kainama, anatafuna muhogo mpaka machozi yamtoka! Kuniona tu, akauficha nyuma. Wewe, miezi saba tuko pamoja, wanificha muhogo mimi? Na hiyo nyumba unayosema unakaa Nyali, kwa matajiri, mbona kila jioni uko kwenye foleni ya feri ya Likoni? Kwani Likoni kuna ubaya gani? Niliyempenda ni wewe. Huyu mwengine simjui, na yaniuma.