Kigeu kimoja, mabinti wawili: Java ilikosea wapi?

Risiti iliyotuletea ubishi ilikuwa ya mfuko mmoja wa unga wa mahindi, kilo 25, kwenye depo moja ya mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi. Mteja alilipa faranga 50,000. Karatasi iliyotoka kwenye mashine ikasema amelipa dola 50,000. Mama mwenye depo akafuta USD kwa bic, akaandika FC kwa mkono, akamwomba mteja radhi, kisha akampigia simu kijana aliyeandika programu. Kijana akanipigia mimi.

"Mukubwa, Java imetudanganya," akaniambia. Java ndiyo lugha ya kompyuta aliyoandikia programu ile.

Lawama hiyo nimeisikia mara nyingi kwa vijana wa informatika, na kila mara inazungukia jambo lilelile: kigeu cha pamoja, yaani mahali pamoja pa kuhifadhi thamani, kilichotangazwa kwenye klasi mama (klasi ni kiolezo cha vitu ndani ya programu), na mabinti, klasi zinazorithi kutoka kwa mama, wanaotaka kila mmoja akianzishe kwa namna yake. Wanaolalamika wana hoja, nami nitaitaja. Lakini upande wa Java naona hauna mtetezi, ilhali kanuni inayolaumiwa ndiyo iliyokuwa inalinda sehemu nyingine ya programu ile bila mtu kuishukuru.

Programu yenyewe ina klasi mama iitwayo Sanduku, na mabinti wawili, SandukuDola na SandukuFaranga, maana kwetu mezani kuna pesa za aina mbili tangu asubuhi hadi kufunga. Ndani ya Sanduku kijana aliweka vigeu vya pamoja, vile ambavyo Java huviita static na lugha ya Visual Basic huviita Shared: namba ya risiti, kiwango cha dola cha siku, na sarafu. Sarafu ilianza ikiwa alama ya kuuliza. Kila binti akapewa kifungu chake cha kuanzisha: SandukuDola inaandika USD ndani ya sarafu, SandukuFaranga inaandika FC. Kijana aliamini kila binti anaandika kwenye daftari lake mwenyewe. Daftari lilikuwa moja, la mama.

Sasa fuata siku ilivyokwenda. Asubuhi programu inawashwa, hakuna binti aliyeamka, yaani kifungu chake cha kuanzisha bado hakijaendeshwa. Mteja wa kwanza analipa faranga. Objekti ya kwanza ya SandukuFaranga, yaani kitu kinachotengenezwa kwa kufuata klasi hiyo, inaundwa, Java inamwamsha mama kwanza, halafu binti, na sarafu inakuwa FC. Wateja wanapita, risiti zote ni sawa. Saa nne anaingia mfanyabiashara mwenye dola. SandukuDola inaamka kwa mara ya kwanza, kifungu chake kinaandika USD juu ya ile FC, na tangu hapo kila risiti, ya dola na ya faranga, inatoka na USD. Kifungu cha SandukuFaranga hakirudi kusahihisha, kwa sababu klasi huanzishwa mara moja tu tangu programu iwashwe. Sarafu iliyotangulia asubuhi ndiyo inayopotea siku nzima.

Umeme ukikatika, na hukatika, programu inaanza upya na mashindano yanaanza upya. Kuna jioni ambazo risiti za dola zilitoka na FC. Kuna siku ambazo hakuja mtu mwenye dola, na siku hizo hapakuwa na kosa hata moja. Kwa majuma matatu lawama ilimwangukia dada wa kaunta, kwamba anabonyeza kitufe kisicho chake. Alijitetea, hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa kompyuta huaminiwa kuliko mtu. Hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Uchunguzi wenyewe haukuhitaji ufundi mkubwa. Tulikaa nyuma ya kaunta juu ya mifuko ya unga, kompyuta magotini, tukaongeza ndani ya kila kifungu cha kuanzisha mstari mmoja unaochapa jina la klasi yake. Asubuhi likatokea Sanduku, likafuata SandukuFaranga, kisha kimya. Karibu saa tano likatokea SandukuDola, na risiti ya faranga iliyofuata ikaharibika mbele ya macho yetu. Kijana alishika kichwa. Dada wa kaunta hakusema neno, ila aliomba ile risiti aihifadhi.

Siku hiyohiyo ripoti ya jioni ikatupa fumbo la pili. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi, wateja walikuwa wameondoka, na kijana aliomba ripoti ichapwe. Ripoti inasoma SandukuDola.sarafu moja kwa moja, haiundi objekti yoyote. Ikachapa alama ya kuuliza. Kwenye mistari yetu ya uchunguzi lilionekana jina la Sanduku peke yake. SandukuDola ilikuwa imetajwa kwa jina lake kamili, tena kwa herufi zake zote, na bado haikuamka.

Hapo ndipo ubishi wa kweli ulipo, na hapo nataka kukaa.

Kanuni za Java zinasema wazi kwamba kutaja kigeu cha pamoja huanzisha klasi iliyokitangaza tu, hata kama umekitaja kupitia jina la binti. C#, lugha nyingine ya programu, nayo ni vivyo hivyo: kompaila (programu inayotafsiri tulichoandika kwa ajili ya mashine) inapoona jina la binti mbele ya kigeu cha mama, inaandika jina la mama, na konstrakta ya pamoja ya binti, ndicho kifungu chake cha kuanzisha, haina sababu ya kuitwa. Mlalamikaji anasema: nimeandika SandukuDola, kompaila imekubali, kwa hiyo imeniahidi kwamba SandukuDola inahusika. Jicho linasoma jambo moja, mashine inafanya lingine. Tena anaongeza kwamba vigeu vya kawaida havifanyi hivi: mama akitangaza kigeu cha objekti, kila objekti inapata nakala yake. Kwa nini vya pamoja visigawanywe vivyo hivyo, nakala moja kwa kila klasi? Na ombi lake halijatoka hewani. Lugha ya Smalltalk ilikuwa na vigeu vinavyoshirikiwa na ukoo mzima, na vingine ambavyo kila klasi inabaki na chake. Ruby imeyarithi yote mawili: kigeu chenye @@ ni kimoja kwa mama na mabinti, na chenye @ moja, kikiwekwa kwenye klasi yenyewe, ni cha klasi hiyo tu. Haja ipo, na lugha zimeijibu.

Nakubali yote hayo. Ila nadhani neno letu lenyewe, urithi, linatupotosha kabla hatujagusa kibodi. Kwetu kurithi kunakuja baada ya msiba. Mzazi ameondoka, ukoo unakaa, mali inagawanywa, kila mtoto anatoka na fungu lake. Ndani ya programu mama yu hai, anakaa kwenye parsele yake, na mabinti wamejenga ndani ya ua uleule. Bomba la maji ni moja. Kila binti anasema "bomba letu", na kweli ni lao, lakini anayetia rangi kwenye maji anawatilia wote. Bomba halijawahi kugawanywa.

Kuna namba ya risiti pia, na sijui kwa nini katika mabishano haya hakuna anayeitaja. Namba ya risiti ilitangazwa pale pale, kando ya sarafu, kwa neno lilelile static. Tangu siku ya kwanza ilifanya kazi bila kosa: risiti ya faranga namba 311, ya dola namba 312, ya faranga 313. Mkaguzi akija, anataka mfuatano mmoja usio na pengo wala namba iliyorudiwa. Kama Java ingempa kila binti nakala yake, depo ingekuwa na risiti mbili namba 1, mbili namba 2, na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Hapangekuwa na alama ya kuuliza ya kutuonya. Risiti zote zingeonekana nzuri. Kosa la sarafu lilijitangaza lenyewe, maana hakuna anayenunua mfuko wa unga kwa dola 50,000. Namba zilizorudiwa zingekaa kimya mpaka siku ya ukaguzi, na hapo Mama mwenye depo angelipa faini kwa kosa asilolijua. Hata kiwango cha dola kinahitaji umoja uleule: kikibadilishwa saa sita, lazima masanduku yote mawili yaone bei mpya kwa wakati mmoja, la sivyo mteja mjanja atalipa kwenye sanduku lililobaki na kiwango cha asubuhi.

Vigeu vitatu, basi, viwili vikiitaka kanuni ile na kimoja kikiikataa. Na hicho kimoja hakikupaswa kuwekwa pale.

Kuhusu binti kutoamka, naona Java ilifanya la haki. SandukuDola haikuwa na kitu kilichoombwa. Kigeu ni cha mama, thamani iko kwa mama; umwamshe binti kwa nini? Klasi moja inaweza kuwa na mabinti wengi, wengine wameandikwa na watu ambao mwandishi wa mama hawajui, na kuwaamsha bila haja ni kuendesha vifungu vyao vya kuanzisha, vinavyofungua faili na kuita mtandao. Zaidi ya hayo, kumwamsha kusingetuokoa. Ripoti ingemwamsha SandukuDola ili isome USD, halafu ingemwamsha SandukuFaranga isome FC, na kuanzia hapo risiti za dola zingetoka na FC. Kusoma ripoti kungebadilisha risiti. Sioni jinsi hali hiyo ingekuwa nafuu.

Lugha nyingine hazijaukwepa mtego huu. Python inaonekana ya upole zaidi, lakini kwangu inatisha zaidi: binti akikiwekea kigeu cha mama thamani mpya kwa alama ya =, anapata chake; akiongeza kitu ndani ya orodha ya mama kwa append, anaibadilisha ya wote. Mistari miwili inayofanana, hatima mbili tofauti. PHP kwa miaka mingi iliipa kila klasi binti nakala yake ya kigeu static kilicho ndani ya metodi (fungu la amri lenye jina) iliyorithiwa. Tangu toleo la 8.1, la mwaka 2021, metodi iliyorithiwa bila kuandikwa upya inatumia kigeu kilekile cha mama. Waliojaribu kugawanya waliona bora kurudi kwenye ua mmoja.

Kijana alijaribu kwanza dawa ambayo wengi huikimbilia: akatangaza upya sarafu ndani ya kila binti. Risiti zote zikatoka na alama ya kuuliza. Metodi inayochapa risiti iko kwa mama, na metodi ya mama inaposema sarafu inasoma ya mama. Vigeu, tofauti na metodi, havibadilishwi na binti, vinafichwa tu. Hapo ndipo alipokaribia kukata tamaa, na namwelewa. Kilichofaulu ni kuiondoa sarafu kwenye vigeu na kuifanya metodi isiyo na mwili kwa mama, ambayo kila binti analazimika kuijibu. Mama anauliza "sarafu yako ni ipi?", na anayejibu ni objekti iliyo mbele yake. Na binti asiyejibu, kompaila haimruhusu kupita.

Wanaolalamika nawaunga mkono kwenye maandishi. Kuruhusu SandukuDola.sarafu iandikwe kana kwamba sarafu ni ya SandukuDola ni mlango ulioachwa wazi. Eclipse, programu ambayo wengi huandikia Java, ina onyo la jambo hili hasa, lakini limezimwa mpaka ulitafute kwenye mipangilio uliwashe mwenyewe. Ningependa liwe limewashwa kwa kila anayeanza. Kijana angeliona tangu siku ya kwanza, na dada wa kaunta asingebeba lawama ya majuma matatu. Tumekubaliana kwamba ndani ya programu ile kila kigeu cha pamoja kitatajwa kwa jina la klasi iliyokitangaza, Sanduku.kiwango, hata pale ambapo jina fupi lingetosha.

Mwezi uliofuata Mama mwenye depo aliomba sanduku la tatu, la pesa za simu. Hapo ndipo lile ombi la nakala kwa kila klasi lilipoanguka mbele yangu, maana pesa za simu huingia kwa dola na kwa faranga, kwenye klasi ileile. Nakala moja kwa SandukuSimu isingejua iseme nini. Kwa sababu sarafu ilikuwa tayari ni metodi, kijana alihifadhi sarafu ndani ya kila objekti inapoundwa, na metodi ikaisoma humo. Hakugusa mstari hata mmoja wa mama. Malipo ya kwanza yalikuwa ya faranga, ya pili ya dola. Dada wa kaunta alizichana zile risiti mbili kwenye mashine, akaziweka juu ya kaunta na kuanza kuzisoma kwa sauti: sarafu ya kila moja, halafu namba. Ile ya faranga iliyotangulia ilikuwa 4,087. Zake zilikuwa 4,088 na 4,089.